Daktari Aliyeanza na Kisogo

Daktari hakutazama upara. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa ili utosi wake uonekane vizuri, lakini yule mama alimzungusha kwenye kiti, akamshika shingo taratibu na kuanza na kisogo. Alinyoa sehemu ndogo isiyozidi upana wa kidole gumba, akaipangusa kwa dawa, akaiinamia na kilenzi chenye taa. Alikaa hivyo muda mrefu bila kusema neno. Kisha yakaja maswali ambayo hayakuwamo katika barua zote tulizoandikiana na hospitali tukiwa Tanga. Kovu la chanjo ya kifua kikuu likoje? Akijikata, kidonda hufunga kikawa bapa au huinuka kikawa uvimbe mgumu? Akinyolewa chini kabisa, hutokwa na vipele kisogoni?

Mdogo wangu alikunja mkono wa shati akaonyesha kovu, dogo na bapa. Vipele alikuwa navyo vichache, amevizoea tangu ujana. Daktari alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole.

Kwetu vipele hivyo husingiziwa mashine chafu ya kinyozi. Mashine inaweza kuchangia, lakini chanzo kikubwa ni unywele wenyewe. Nywele za kipilipili zikikatwa karibu na ngozi, ncha hujikunja na kuingia tena ndani, na mwili huishambulia. Kwa baadhi ya wanaume vipele hukomaa vikawa makovu magumu yanayotambaa kisogo kizima. Mtu wa namna hiyo, daktari alisema, yeye humrudisha nyumbani, kwa kuwa kumtoboa kisogo ni kumwongezea ugonjwa. Tena ngozi nyeusi huota keloidi kwa urahisi kuliko nyeupe, na hilo alitaka kulijua kabla ya kuzungumzia bei.

Tulikuwa Şişli, upande wa Ulaya wa Istanbul, mtaa wenye majengo marefu na mabango ya hospitali za nywele, meno na macho yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa. Tulikuwa tumetua na ndege ya usiku kutoka Dar es Salaam. Mdogo wangu ni mshereheshaji wa harusi, na anaifahamu kazi yake. Anajua wakati wa kumpandisha mama mzaa chema jukwaani na wakati wa kumshusha mjomba mwenye maneno mengi. Lakini taa za ukumbini humulika kutoka juu, na kamera ya harusi haina huruma. Nywele zilianza kumkimbia kwenye panja akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, kisha utosini. Alijaribu mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu, shubiri. Wazee walimwambia kipara ni dalili ya pesa. Pesa hazikuja, na kofia ya kiua ikawa haitoki kichwani hata ndani ya nyumba.

Nawasikia watu wakisema haya ni mambo ya kujipenda, kwamba mwanamume mzima hapaswi kuhangaikia nywele. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu hukutana na uso wake kila asubuhi, na ukianza kuwa uso asioutambua, hiyo ni huzuni ya kweli. Niliona mdogo wangu akikataa kupiga picha na wanawe. Ndiyo maana alipoomba nimsindikize sikuwa na la kumpinga.

Daktari alipomaliza kisogo ndipo alipokuja mbele, akachukua karatasi na kutuchorea jambo ambalo tiba hii yote imejengwa juu yake. Nywele za kisogoni na za ubavuni, juu ya masikio, hazikubali amri inayoziua za utosini. Ukiung’oa mzizi wake ukauhamishia mbele, hubaki na tabia ya kule ulikotoka. Aliyelithibitisha hilo ni Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, aliyeanza kuwahamishia nywele wanaume wenye upara mwaka 1952 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959. Kabla yake, mwaka 1939, daktari Mjapani Shoji Okuda alikuwa amekwisha kueleza namna ya kutoboa vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda kwenye makovu ya watu walioungua. Aliandika kwa Kijapani, vita vikaingia, na madaktari wa Magharibi wakakaa miaka mingi bila kumsoma.

Vipande vya Orentreich vilikuwa vikubwa, vyenye kipenyo cha milimita 4, na wanaume waliopandwa navyo walibaki na vishungi vilivyotengana. Wengi waliificha kazi hiyo maisha yao yote. Mabadiliko makubwa yalitokea Texas, mjini San Antonio, ambako Bobby Limmer alianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuigawa ngozi chini ya hadubini. Nywele huota katika vikundi vya unywele mmoja mpaka nne, naye alikitenga kila kikundi kivyake na kukipanda hivyohivyo. Njia iliyotuleta Istanbul ni ya baadaye zaidi: badala ya kukata ukanda mzima wa ngozi kisogoni na kushona, kila kikundi hutolewa peke yake kwa kitobozi cha duara chenye kipenyo kinachokaribia milimita moja. William Rassman na Robert Bernstein waliieleza katika jarida la kitabibu mwaka 2002. Haiachi mshono. Huacha vidoadoa vingi vidogo, navyo havionekani ikiwa aliyevitoboa alijua mahali pa kuacha.

Kujua pa kuacha ndiko kugumu. Hakuna unywele mpya unaozaliwa katika upasuaji huu. Kinachoonekana mbele kimepungua nyuma. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na zetu Waafrika kwa kawaida huwa pungufu ya hapo. Kisogo kinaweza kutoa vikundi elfu chache kwa maisha yote ya mtu, basi. Mwenye miaka 25 akivimaliza vyote kwenye paji la uso, upara wake ukiendelea kurudi nyuma atakuwa na ukanda wa nywele mbele na uwanja mtupu katikati, na hakuna pa kukopa.

Hayo niliyaona kwa macho yangu katika chumba cha chai cha hoteli. Mzee mmoja Mwomani alitusikia tukizungumza akageuka na Kiswahili cha Unguja, laini, kama mtu aliyetoka Mji Mkongwe jana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akavuta kiti. Familia yake iliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, naye alikulia Maskati. Alikuwa Istanbul kwa kazi ya kurekebisha. Miaka ya nyuma alifanyiwa upasuaji mahali ambapo daktari alionekana kwenye picha na kwenye fomu tu; siku yenyewe alihudumiwa na mafundi wa zamu waliokuwa na wagonjwa wengine vyumba vya jirani. Alivua kofia akatugeuzia kisogo. Kulikuwa na mabaka meupe yasiyo na nywele kutoka sikio hadi sikio, na mbele, kwa gharama yote hiyo, nyasi chache zilizoota zikielekea kila upande.

“Walinivuna, mwanangu, hawakunipanda,” alisema, akavaa tena kofia.

Mdogo wangu alikaa kimya mpaka chai yake ikapoa. Mimi nilikasirika kwa niaba ya mzee yule, na hasira hiyo bado ninayo. Sheria za Uturuki zinataka upasuaji ufanywe chini ya daktari katika kituo chenye kibali, na Wizara ya Afya hutoa cheti maalumu kwa vituo vinavyopokea wagonjwa wa nje. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele kimekuwa kikionya kwa miaka kadhaa juu ya vituo ambavyo daktari hukodisha jina lake tu. Lakini mgeni aliyetua jana, asiyejua Kituruki, aliyekwisha kulipia kifurushi cha hoteli, gari na dawa pamoja, atauliza nini mlangoni? Bei ndiyo inayovuta. Kazi ambayo London au New York inaweza kupita dola 10,000, hapa hutajwa kwa dola 2,000 hadi 4,000, kwa kuwa mishahara na kodi za majengo hulipwa kwa lira na vituo vinashindana. Wako madaktari bora sana katika mji huu. Wanapakana ukuta kwa ukuta na wavunaji.

Barabara ya İstiklal jioni ilitufundisha jinsi jambo hili lilivyo la kawaida hapa. Wanaume waliofunga utepe mweusi kwenye paji la uso walikuwa wakitembea na wake zao, wakila mahindi ya kuchoma, wakipiga picha na tramu nyekundu. Utepe ule huzuia uvimbe usiteremke machoni. Nukta nyekundu zilionekana vichwani mwao, wala hakuna mpita njia aliyewakodolea. Mdogo wangu aliiondoa kofia yake pale, kwenye umati, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Siku iliyotangulia upasuaji tulikwenda Topkapı, kasri la masultani wa Kiosmani. Nilitaka kuiona sehemu ya Harem waliyokaa matowashi weusi. Ni ua mwembamba wenye vigae kutani, na kando yake vyumba vidogo vilivyopandana ghorofa. Walioishi humo walikuwa wavulana wa Kiafrika, wengi kutoka Sudan na Uhabeshi, waliotekwa na kuhasiwa njiani kabla ya kufikishwa kwenye dola. Waliokufa kwa kisu kile hawana hesabu. Mkuu wao, Kızlar Ağası, aliweza kuwa na nguvu kuliko mawaziri wengi, lakini wavulana wale hawakuulizwa kama wanautaka ukubwa huo.

Nawataja hapa kwa sababu elimu ya upara inapita katika miili ya watu kama wao. Aristotle aliandika zamani sana kwamba towashi hapati upara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alilipa jambo hilo msingi wa kisayansi: alichunguza wanaume waliokosa homoni za kiume tangu kabla ya kubalehe, akaona nywele zao zimekaa palepale uzeeni. Walipopewa testosteroni, wale waliotoka katika familia zenye upara walianza kupara. Dawa ikisimamishwa, upara nao ulisimama, ila zilizokwisha kupotea hazikurudi. Hivyo vitu viwili hukutana, homoni na urithi. Urithi wenyewe hauji kwa wajomba peke yao kama tunavyosema pwani. Upande wa mama una uzito, lakini baba naye huchangia.

Baadaye ikajulikana kwamba testosteroni hugeuzwa kwanza na kimeng’enya kuwa homoni kali zaidi, DHT, na hiyo ndiyo inayodhoofisha mizizi ya utosini mpaka itoe vinyweleo visivyoonekana. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliripoti kuhusu watoto wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng’enya hicho. Walipokua wanaume, tezi dume zao zilibaki ndogo na panja zao hazikurudi nyuma. Kutokana na uelewa huo ilitengenezwa finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume na mwaka 1997, kwa kipimo kidogo cha miligramu 1, kwa upara. Minoksidili, ya kupaka, ilikuwa imetangulia mwaka 1988. Hiyo ilianza kama tembe ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mahali wasipozitaka.

Daktari alimwandikia mdogo wangu zote mbili, akasisitiza kwamba upasuaji bila dawa ni kazi nusu, kwa sababu nywele zake za asili nyuma ya zile zilizopandwa zitaendelea kupukutika. Alimweleza pia madhara ya finasteridi: baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mjamzito. Yupo, wifi yangu. Basi tembe iliyovunjika asiiguse, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Sijawahi kuona karatasi ya duka lolote la nywele mtandaoni ikianza na swali hilo.

Asubuhi ya upasuaji walibishana kuhusu mstari. Mdogo wangu alitaka ule ulionyooka kabisa, wa pembe kali, ambao vinyozi wetu huuchora. Daktari alichora juu kidogo na kuuvunjavunja, akimkumbusha kwamba mstari huo ataubeba akiwa na miaka 60. Walikutana katikati, karibu zaidi na daktari. Alichokikataa kabisa ni utosi. Alisema atajaza mbele na panja tu, na kisogo kilichobaki kitunzwe.

Sindano za ganzi ndizo zilizomliza. Zilizunguka kichwa chote, na alinibana vidole mpaka nikaona weupe. Baada ya hapo alilala kifudifudi akisikia msukumo tu. Daktari alitoa vikundi vichache kwanza kwa majaribio, akaviweka chini ya lenzi na kuniita nitazame. Juu ya ngozi unywele ulisimama wima, lakini chini yake mzizi ulikuwa umepinda kama ndoana. Katika kichwa cha singa kitobozi hufuata mwelekeo wa unywele na kushuka nao mpaka chini. Kwa mtu wa kwetu, anayefuata mwelekeo wa juu huukata mzizi katikati, na uliokatwa hivyo aghalabu umepotea huku na kule. Kwa hiyo alitumia kitobozi kipana kidogo, hakuzama sana, akauachia mkono uhisi mahali ngozi inapoachia, kisha akavuta kwa kibanio taratibu mno. Alirekebisha pembe mara nyingi kabla ya kuridhika. Nilielewa pale kwa nini mtu aliyezoea vichwa vya Ulaya peke yake anaweza kuharibu kichwa cha Mtanga kwa nia njema kabisa.

Kuna upande wa heri. Unywele uliojikunja hufunika eneo kubwa kuliko ulionyooka, na rangi ya nywele zetu haitofautiani sana na ya ngozi, hivyo vikundi vichache hutosha. Daktari alisimama kwenye 1,600. Vilikaa katika maji ya chumvi yaliyopozwa, vimepangwa kwa idadi ya nywele, vya unywele mmoja kando kwa ajili ya mstari wa mbele. Mchana daktari alitoboa vijishimo akiamua pembe ya kila kimoja, na mafundi wawili wakapanda chini ya jicho lake. Mimi nilitolewa nje.

Sebuleni nilimkuta mama wa Lubumbashi, kitambaa cha kitenge kichwani. Tukaitana mama kwa mama, Kiswahili chake na changu vikipishana na kurudiana. Nywele zake zilikuwa zimeisha kutoka utosini, zikitanuka mwaka hadi mwaka, na pembeni zilikwisha kwa kusukwa kwa kubanwa tangu utotoni. Alikuja na fedha za upasuaji mfukoni. Daktari alimtaka kwanza kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara, kwa kuwa wanawake weusi hupata ugonjwa unaoanzia utosini na kuua mizizi kwa kovu, na ukipanda juu ya ugonjwa ulio hai vinakufa na vilivyopandwa. Kwanza kuuzima, kusubiri utulie muda mrefu, ndipo kuzungumza. Alikuwa amelia kidogo. Alisema miaka yote aliambiwa na wasusi kwamba maumivu ya kichwa baada ya kusuka ni ya kawaida, dawa yake panado. Nilimshika mkono. Wanawake wetu wanapotezewa nywele na vitu vinavyozuilika, na hakuna bango hata moja Şişli linalowahusu.

Mdogo wangu alitoka jioni amefungwa utepe mweusi. Alilala ameegemea mito, akaoshwa kichwa kesho yake kwa povu na maji yasiyo na kasi, magamba yakabanduka kabla ya wiki mbili kuisha. Kisha, tukiwa Tanga, zikaanguka. Ni kawaida: unywele uliopandwa hudondoka ndani ya wiki chache na mzizi hulala, ukiamka mwezi wa tatu au wa nne, sura kamili huonekana baada ya mwaka mmoja, pengine zaidi. Alikuwa ameelezwa, lakini kuelezwa hakumsaidii mtu anayekuta nywele kwenye mto. Nilimpigia kila jioni.

Zimeota. Mstari wake unapendeza, na kinyozi wake ameagizwa asiushushe wala asinyoe kisogo chini kabisa. Utosi umebaki wazi. Tembe anaagiza Dar es Salaam, na daktari atautazama tena upara ukishaonyesha unakoelekea. Nyumbani kwangu kilichobadilika ni Jumamosi za binti yangu. Msusi ameambiwa asimbane pembeni, asimwekee rasta nzito, na akilalamika kichwa kinauma zifumuliwe palepale. Msusi ananung’unika kwamba mtindo hautadumu. Haudumu kweli, na tunarudi kusuka mapema.